Fundi wa Sikio Moja Anayeleta Barabara Chumbani

Saa tatu asubuhi, lori linapita katikati ya chumba.

Linaanzia mbali, upande wa kushoto, kama mtu anayekoroma nyumba ya pili. Linakua. Turubai lake linapigapiga kwa upepo, breki zinalia, injini inapita mbele ya uso wa mzee aliyesimama juu ya ubao mwembamba, kisha inafifia kuelekea kulia. Mzee anashusha pumzi. Ananyoosha fimbo yake nyeupe, anagusa sakafu, anateremsha mguu.

Pikipiki inamfikia kabla hajaenda mbali. Honi inalia karibu kabisa na bega lake. Anaruka nyuma, anajikwaa kwenye ubao, mwalimu wake anamdaka mkono.

“Umekufa, baba,” anasema mwanamke aliyekaa nyuma ya meza pembeni, bila kucheka. “Pole sana. Rudi tuanze tena.”

“Ilitokea wapi?” anauliza mzee, jasho likimtiririka.

“Ilikuwa nyuma ya lori tangu mwanzo, imejificha. Lori likishapita usifurahi. Sikiliza lilikuwa linaficha nini.”

Humu ndani hakuna lori wala pikipiki. Kuna kuta zilizofunikwa magodoro ya sponji kutoka chini hadi juu, zulia lililochakaa, ubao mmoja unaofanya kazi ya ukingo wa barabara, na spika zilizopangwa kuzunguka chumba chote, nyingine usawa wa goti, nyingine usawa wa kichwa. Mzee aliyeruka ni fundi cherehani aliyeshona maisha yake yote mpaka macho yalipozima. Sasa anajifunza kuvuka barabara, na barabara yake ya kwanza ni hii isiyoweza kumvunja mguu.

Aliyeitengeneza ni huyo mwanamke mezani. Mtaani wanamwita Fundi Sikio. Alipewa jina hilo kwa kejeli, kwa sababu sikio lake la kulia halisikii chochote, hata ulipigie debe. Hakulikimbia. Alichukua rangi nyekundu akaliandika mlangoni kwa herufi kubwa, mtu alisome akiwa ng'ambo ya pili ya mtaa: SIKIO MOJA. SAUTI ZA KILA UPANDE.

“Walidhani nitaona aibu,” anasema. “Nimewaandikia wasije wakalisahau.”

Mgeni anayekuja kuzungumza naye huonyeshwa kwanza pa kukaa. Ni kushoto. “Ukikaa kulia utakuwa unaongea na ukuta,” anaeleza. “Mume wangu akitaka kunisengenya anahamia huko huko.”

Mume huyo ni seremala. Karakana yake ya milango iko mbele ya chumba hiki, na kila darasa likianza hulazimika kuzima msumeno wake. Anaonekana kupitia mlangoni, ameketi juu ya rundo la mbao, anakunywa chai kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kushindwa kesi zamani.

Hapo awali Fundi Sikio alikuwa na masikio yote mawili na kazi aliyoipenda. Alikuwa fundi mitambo katika ukumbi wa sherehe. Yeye ndiye aliyekaa nyuma ya meza yenye vitufe na kuamua gitaa lisikike wapi, ngoma zikae wapi, mwimbaji asogee mbele kiasi gani. Wanamuziki walimwogopa. “Nilikuwa nafumba macho,” anakumbuka, “naona kila mtu alipo kwa kusikia tu.”

Kisha mtoto wake wa mwisho akaleta matubwitubwi kutoka shuleni. Mtoto alivimba mashavu, akalala siku kadhaa, akapona na kurudi kucheza. Mama yake akaambukizwa, na kwake ugonjwa ulikuja na homa iliyomlaza kitandani hoi.

Asubuhi homa ilipomwachia, aliamka akiwa amelalia sikio la kushoto. Kimya. Alidhani familia nzima imehama ikamwacha. Alipoinua kichwa kutoka kwenye mto, kelele zote za nyumba zikarudi kwa mpigo mmoja: vyombo, watoto, redio ya jirani. Zote zilikuwa zimebanana upande mmoja.

Daktari wa masikio alimpima na hakumung'unya maneno. Neva ya sikio la kulia ilikuwa imekufa, na haifufuki.

“Ukimya wenyewe haukunitisha,” anasema Fundi Sikio. “Kilichonitisha ni dunia kuwa bapa. Mtu akiniita, nageukia mahali asipokuwepo. Simu ikilia ndani ya nyumba naitafuta kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sauti naisikia, tena vizuri tu, ila haina makazi.”

Anachukua vifuniko viwili vya chupa, anaviweka mezani. Anaeleza kwamba sauti ikitokea kushoto, sikio la kushoto huipata kwanza, la kulia huipata baadaye kidogo na kwa unyonge kidogo, kwa sababu kichwa kimeziba njia. Ni tofauti ndogo mno, lakini ubongo hula kwenye tofauti hiyo hiyo. Ndiyo inayomwambia mtu nyoka yuko wapi na mtoto analilia wapi. Anaondoa kifuniko kimoja. “Mimi huyu. Nalinganisha na nini?”

Mwenye ukumbi alimpokea kwa huruma ya wiki moja. Baada ya hapo akamwondoa mezani na kumpa kazi ya kukunja nyaya.

“Dada yangu,” alimwambia, “fundi wa sauti mwenye sikio moja ni kama mpiga picha mwenye jicho moja.”

“Bosi,” naye akajibu, “mpiga picha akitaka kupiga, anafumba jicho gani?”

Hata hivyo mwenye ukumbi hakumrudisha mezani. Alikunja nyaya kwa muda, kisha akakunja na virago. Akapata kona kwenye karakana ya mumewe na kuanza kutengeneza spika zilizopasuka za kumbi, baa na nyumba za ibada. Kuna miezi ilikuwa mizuri. “Na kuna miezi tulikula milango,” anasema, akimtupia jicho seremala wake. “Milango yake ndiyo iliyotulisha.”

Hapo ndipo anapoingia mama mkwe.

Ni mwanamke mrefu, mkavu, anayezungumza kama anayetoa amri sokoni, kwa sababu miaka mingi alifanya hivyo hasa: aliuza vitambaa. Presha ya macho ilimwibia kuona taratibu, kwanza pembeni, halafu katikati. Alikuwa akiishi kwa mwanawe seremala na alikuwa na jambo moja tu aliloling'ang'ania: kila asubuhi kwenda mwenyewe ng'ambo ya barabara kununua mkate.

Siku moja pikipiki ilimkumba. Alivunjika mkono, na mkate ukasambaa barabarani.

Wanawe walikutana. Kikao kilikuwa kifupi, kila mmoja alikwishafika na uamuzi wake mfukoni. Mama atulie ndani. Mkate utaletwa. Kila kitu kitaletwa.

“Mimi si kabati,” mama aliwaambia, mkono ukiwa kwenye plasta. “Sisukumwi kwenye kona nikafutwa vumbi.”

“Mama, tunakupenda,” alisema mkubwa wao.

“Nipendeni nikiwa nje.”

Hawakubadili msimamo. Mkazamwana wake anasema kikao kizima alikuwa akichemka. “Nilimwelewa kuliko walivyomwelewa waliotoka tumboni mwake. Mimi mwenyewe nikivuka barabara nageuza kichwa kama bundi, kwa sababu sikio haliniambii gari linatoka wapi. Mimi macho yananiokoa. Yeye hana. Na dawa yetu sote wawili ilikuwa eti ni kukaa.”

Kesho yake alimkuta mama mkwe barazani, amenuna.

“Mama, ukisimama barabarani unasikia nini?”

“Fujo.”

“Fujo inatokea wapi?”

“Kote kote. Fujo ina anwani?”

Mwalimu wa kituo cha wasioona, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu wa Fimbo, aliwaeleza kwamba fujo hiyo ina anwani, na kwamba kuisoma ni kazi inayofundishika. Inachotaka ni kusimama ukingoni saa nyingi, siku nyingi, mpaka sikio litenganishe gari na gari. Lakini wanawe walikuwa wamepiga marufuku ukingo.

“Basi nikasema, kama Mama haruhusiwi kwenda barabarani,” anasimulia Fundi Sikio, “barabara itakuja kwa Mama.”

Alianza na kichwa. Alikinunua kwa muuza nywele za bandia, kichwa cha plastiki chenye tabasamu la mtu asiye na deni, akakitoboa masikio na kupachika maikrofoni ndogo mbili ndani yake. Mama mkwe alikipapasa na kukibatiza jina papo hapo: Shemeji. “Anasikia kila kitu cha nyumba hii,” alisema, “na hatoi mchango wowote.”

Shemeji akawekwa juu ya nguzo kando ya barabara, na mwanamke mwenye sikio moja akasimama karibu naye akichunga waya. Watoto walimzunguka. Madereva walipunguza mwendo kuchungulia. Askari wa barabarani akasogea.

“Huyu ni nani?”

“Ni Shemeji, afande.”

“Mbona hana mwili?”

“Mwili umebaki nyumbani, afande. Yeye amekuja kusikiliza tu.”

Askari alitazama kile kichwa kinachotabasamu, akatikisa chake, akaondoka zake.

Chumbani, Fundi Sikio aliweka spika mbili mbele ya kiti. Kwa nini hakumpa mama mkwe hedifoni, zile za kuvaa masikioni, akamaliza kazi? Swali hilo ameulizwa mara nyingi na linamkera bado. “Ukizivaa ukageuza kichwa, barabara yote inageuka nawe, kama kofia. Barabara gani inafanya hivyo? Tena zinakuziba. Husikii fimbo yako, husikii hatua zako, humsikii mwalimu. Asiyeona ukimziba masikio umemfanyia nini?”

Tatizo la spika ni lingine. Sauti ya spika ya kushoto haikubali kubaki kushoto. Inazunguka pua, inaingia na sikio la kulia, na hapo ubongo unagundua udanganyifu: hili si lori, ni masanduku mawili ya mbao. Dawa yake, anaeleza, ni kuituma spika ya kulia itoe sauti ndogo iliyopinduliwa, ikutane na ile inayovuja na kuifuta kabla haijafika sikio lisilo lake. Kwenye kompyuta kazi hiyo ni hesabu. Chumbani ni ugomvi. Kila ukuta uliorudisha mwangwi uliharibu mpango, na ndiyo maana magodoro yote ya akiba ya nyumba yalihamia ukutani. Wageni wakilala walilala kwenye mikeka.

Yeye mwenyewe hakuweza kusikia kama amefanikiwa. Kwa sikio moja, spika nzuri na spika mbaya zote zilikuwa bapa. Aliyekaa kwenye kiti alikuwa mama mkwe.

“Lori likaanza kuja,” anasimulia. “Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, pembeni kidogo, narekebisha waya. Ghafla Mama akanikamata gauni kwa ule mkono mzima, akanivuta kwa nguvu mpaka nikamwangukia mapajani. Alidhani litanigonga.”

Anavisogeza vile vifuniko vya chupa mezani.

“Nilibaki pale pale mapajani kama mtoto. Nikalia. Mimi sikulisikia lile lori, lakini nilisikia jinsi alivyonivuta.”

Furaha ilidumu mpaka mama mkwe aliposimama. Alipopiga hatua moja kutoka kwenye kiti, ile hesabu ikakosa masikio iliyoyatarajia.

“Gari lako limevunjika kama sahani,” alitangaza. “Sasa liko kila mahali na haliko popote.”

Ikawa hivyo kila jioni. Pikipiki iliyopaswa kupita nyuma ilipita mbele. Basi lilisimama hewani. Mama mkwe hakusamehe kosa hata moja, na hakujali usiku ambao mkazamwana wake aliutumia kuisuka sauti hiyo. “Bosi wa ukumbini alikuwa malaika,” anasema Fundi Sikio. “Huyu alikuwa anataka ukweli.”

Mtu anayetaka kuvuka barabara hawezi kukaa kwenye kiti. Kwa hiyo Fundi Sikio alivunja kila alichokijenga. Aliamua kuzungushia chumba spika nyingi, kila moja ikishika kipande chake cha barabara, ili mtu aweze kusimama, kugeuka na kutembea hatua kadhaa bila barabara kumponyoka. Spika alizipata kwenye mizoga iliyotupwa karakanani. Mumewe, ambaye alikuwa ameapa kutojihusisha, alitengeneza masanduku yake yote. “Nilimwona amekonda,” anaeleza seremala. “Na mama naye alikuwa amenenepa kwa kugombana. Nikasema bora nisaidie liishe.”

Shemeji akapewa kazi mpya. Badala ya kurekodi barabarani, akawekwa katikati ya chumba kusikiliza. Fundi Sikio hutazama kwenye kompyuta mistari miwili, wa sikio la kushoto na wa sikio la kulia, akaona upi umetangulia na kwa kiasi gani. Kile alichonyimwa na sikio anakisoma kwa macho. Baada ya Shemeji huja mwenye uamuzi wa mwisho: mama mkwe anasimama, sauti inapigwa, naye ananyoosha fimbo kuelekea inakotoka. Fimbo ikielekea pengine, kazi inaanza upya.

“Watu wananionea huruma,” anasema mama mkwe, aliyeingia wakati mahojiano yakiendelea na kujitafutia kiti bila kuongozwa. “Sijui kwa nini. Yeye ana macho mawili na sikio moja. Mimi nina masikio mawili. Ukituchanganya unapata mtu mzima na sikio la akiba.”

Baada ya mazoezi ya miezi kadhaa, Mwalimu wa Fimbo alimchukua mama huyo hadi ukingoni mwa barabara ya kweli. Alisimama nyuma yake, mikono tayari, hakumgusa. Mama alisubiri kwa muda mrefu hivi kwamba watu walianza kuulizana. Kisha akavuka. Akanunua mkate, akavuka tena.

Mwanawe mkubwa alipopata habari alikuja juu. Alimkuta Fundi Sikio jikoni.

“Umemfanyia mama yetu majaribio! Je, angekufa?”

“Angekufa kule ndani pia,” alimjibu. “Polepole tu, ndiyo maana msingeona.”

Mama alikuwa mezani. “Acheni kelele,” alisema. “Nani anakata mkate?”

Habari zilienea. Kituo cha wasioona kikaanza kuleta wanafunzi wake, wawili wawili. Kwanza alikuja mpishi wa hoteli, halafu msichana aliyepoteza kuona akiwa chuoni, halafu wengine. Chumba kiliacha kuwa mchezo wa nyumbani.

Ndipo mkurugenzi wa kituo alipofika kukitazama, akiwa ameongozana na mtaalamu wa sauti kutoka mjini. Mtaalamu alizunguka chumba kwa makini, akasikiliza, akauliza maswali mazuri. Mwishoni akauliza swali ambalo mwenye chumba alikuwa akilisubiri.

“Samahani, mama. Yale maandishi mlangoni. Ni kweli sikio lako moja halisikii?”

“Ni kweli.”

“Basi huwezi kusikia upande.”

“Siwezi.”

Mtaalamu alimgeukia mkurugenzi, na mkurugenzi akatazama chini. Siku chache baadaye mkurugenzi alirudi peke yake na pendekezo. Kituo kingenunua hedifoni, na kingeajiri fundi mwenye masikio mawili. Fundi Sikio angebaki kama msaidizi.

“Msaidizi wa nani?” aliuliza.

“Usilichukue vibaya, dada. Ni usalama wa watu.”

“Usalama wa watu hao hao mnaotaka kuwaziba masikio?” Anasema sauti yake ilipanda mpaka mumewe akasimamisha msumeno. “Nilishakunja nyaya za watu. Sikunji tena. Chumba hiki hakikujengwa na sikio langu, kimejengwa na masikio ya wasioona. Ulizeni wao. Mmewauliza?”

Hawakuwa wamewauliza. Kituo kikasitisha kuleta wanafunzi.

Alipopigiwa simu kwa ajili ya makala hii, mtaalamu yule hakujificha. “Bado nina wasiwasi,” alisema. “Mtu akifanya vizuri chumbani anaweza kujiamini kupita kiasi nje. Ningemwambia hivyo hata angekuwa na masikio matatu.” Fundi Sikio aliposomewa maneno hayo aliitikia kwa kichwa. “Hapo yuko sahihi, ndiyo maana hakuna anayetoka humu akaenda barabarani bila Mwalimu wa Fimbo. Aje tushirikiane. Ila asije kunipa nyaya.”

Chumba kikabaki kimya. Magodoro yakaanza kushika vumbi. Mwenyewe anakiri alikuwa amekwisha kuanza kuhesabu ni spika zipi atazing'oa auze. Mama mkwe ndiye aliyekuwa haonekani nyumbani. Kila asubuhi alitoka na fimbo yake na kurudi mchana bila kusema alikuwa wapi, akiulizwa anajibu kwamba yeye si kabati.

Alikuwa akienda kituoni.

Siku ya tatu ya juma lililofuata, seremala alisikia kugongagonga mtaani. Akainua kichwa. Ng'ambo ya barabara, ukingoni, walikuwa wamesimama wanafunzi sita wa kituo, wamepanga mstari, fimbo nyeupe mbele, na mama yake akiwa wa kwanza. Mwalimu wa Fimbo alikuwa nyuma yao, uso umempauka. Kituo hakikuwa kimetoa gari. Walikuwa wamekuja kwa miguu.

“Nikataka kukimbia nikawashike,” anasema seremala. “Mke wangu akanikamata shati. Akaniambia: ukiwashika, umetuua.”

Wote wawili walisimama mlangoni. Lori likapita. Mpishi wa hoteli, aliyekuwa wa pili, akateremsha mguu. Mama mkwe akanyoosha fimbo kifuani pake kumzuia, na pikipiki iliyokuwa nyuma ya lori ikapita kwa vishindo. Wakasubiri. Kukawa na gari dogo, kisha baiskeli. Kisha mama akasema neno moja ambalo waliokuwa ng'ambo hawakulisikia, na mstari wote ukavuka, fimbo saba, sita zao na moja ya mama, zikigonga lami, madereva wawili wakiwa wamesimama wenyewe na kukodoa macho.

Walipofika mlangoni, msichana wa chuo alikuwa akicheka.

“Fundi yuko wapi?” aliuliza.

“Nipo hapa.”

“Tumeambiwa tusije.”

“Nimesikia.”

“Basi washa mitambo.”

Mkurugenzi alifika kabla ya saa sita mchana, amekuja mbio, jasho, hasira na hofu vikiwa vimechanganyika. Alikuta darasa likiendelea. Alisimama mlangoni akamtazama mpishi akinyoosha fimbo kuelekea basi lisilokuwepo, sawasawa. Hakuomba radhi, wala Fundi Sikio hakuitaka. Walikubaliana mambo machache, mkurugenzi akikubali shingo upande: wanafunzi watarudi, Mwalimu wa Fimbo atakuwepo katika kila somo, na sauti yoyote mpya itapimwa na wasioona wenyewe kabla haijaitwa nzuri. Kuhusu fundi mwenye masikio mawili, akija atakaribishwa, na ataonyeshwa pa kuanzia. Kibao cha kituo hakitawekwa mlangoni, kwa sababu bodi bado haijaridhia.

“Mlango una jina tayari,” anasema Fundi Sikio.

Hajatajirika. Kituo kinamlipa kidogo, na spika zilizopasuka bado ndizo zinazolipa ada za shule. Wapo mtaani wanaomwona kichaa, mwanamke anayepoteza siku nzima kuwapigia watu kelele za barabarani wakati barabara iko pale nje, bure. Mwana mkubwa wa mama mkwe hajamsamehe kabisa, ingawa siku hizi akija humletea mama yake mpira mpya wa kuvika ncha ya fimbo.

Fundi cherehani sasa amepumzika, anakunywa maji. Ameshakufa mara nyingi asubuhi hii na anasema kila kifo kimemfundisha kitu. Fundi Sikio anazima mitambo na kumwambia mumewe anaweza kuendelea na msumeno. Msumeno hauanzi. Seremala amesimama nje, ameinua uso kutazama mawingu.

Mvua ndiyo kitu Fundi Sikio anachokitaka sasa kuliko vyote. Wanafunzi wake wote wanaihofia. Mvua ikinyesha juu ya mabati na lami, hufunika magari yote, na mtu asiyeona hujikuta amepofuka mara ya pili. Kituo kinawaambia siku za mvua wabaki ndani. Yeye hataki kusikia neno hilo. Amepanga kufunga spika darini, ili mvua ya chumbani ianguke kutoka juu kama inavyostahili, na chini yake apitishe magari, kwanza moja, halafu mengi, mpaka masikio yazoee kuyachambua. Masanduku mapya mumewe ameshayaanza. Kinachokosekana ni mvua yenyewe, irekodiwe pale pale barabarani, kila upande.

“Wameambiwa kaeni ndani kwa sababu ya macho, kaeni ndani kwa sababu ya mvua,” anasema, akivisha maikrofoni zake mifuko ya plastiki. “Kesho wataambiwa wakae ndani kwa sababu ya jua. Mimi nakataa kwa niaba yao, na wakishajifunza watakataa wenyewe.”

Tone la kwanza linagonga bati, kisha la pili. Mtaani watu wanaanza kukimbia, wamefunika vichwa kwa magazeti na mifuko, wanabanana chini ya vibaraza. Mama mkwe ameshasimama na fimbo yake, anataka kujua wanasubiri nini.

Wanatoka wote wawili, mmoja amebeba waya, mwingine amemshika bega, wanaelekea barabarani.